Mawe ya figo, tobo la mgongoni na ule mpira mnaousahau ndani

Haya jamani tusogee huku mbele, na nyie mliojificha kwenye kivuli cha trela bakini hukohuko, sauti itafika. Nimeombwa niongee kuhusu mawe kwenye figo na hii operesheni ya siku hizi ya kutoboa, maana mwenzenu mmoja kafanyiwa, karudi kazini, na sasa mnamhoji mpaka anawakimbia.

Kwa nini nyie madereva? Mtu anatoka Dar anaenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, anajua akinywa maji itabidi asimame na kusimama porini na mzigo wa tajiri hataki, basi anabana, joto la Ruaha Mbuyuni mnalijua wenyewe, anapanda Kitonga na soda moja tumboni, akifika foleni ya mpakani mkojo umeshakuwa kahawia. Mkojo mzito hivyo chumvi zinaganda, hasa kalisiamu na okzaleti, ndo mawe mengi tunayoyatoa.

Jiwe chini ya milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe. Litakuliza, ila linatoka. Likizidi milimita 10 usilisubiri sana, na hapa ndo wauza dawa za chupa wanapowapatia. Kuna jiwe la asidi ya yuriki ambalo kweli linaweza kuyeyuka, kwa dawa ya hospitali inayopunguza ukali wa mkojo, na lenyewe eksirei ya kawaida hailioni, mpaka ultrasaundi au siti skani. Ila hili la kalisiamu? Halina dawa ya kuliyeyusha bana, hata unywe ndoo.

Zamani tulikuwa tunachana ubavu, kovu linazidi shubiri, mtu anakaa wiki na wiki hajarudi kazini. Mwaka 1976 kule Sweden, Fernström na Johansson wakaandika jinsi walivyotoa mawe kupitia tobo la mgongoni huku wakiangalia kwenye eksirei. Februari 1980, Munich Ujerumani, mgonjwa wa kwanza akavunjiwa jiwe kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, bila kuchanwa popote, na mashine yenyewe imetoka kwa Dornier, watu wa kutengeneza ndege, walikuwa wanachunguza matone ya mvua yanavyoharibu ndege iendayo kasi kuliko sauti! Mimi hiyo stori huwa naipenda sana.

Mawimbi yanafaa jiwe dogo au la wastani, ila vipande utavikojoa mwenyewe na vikijipanga kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu vinaziba, unarudi tena. Njia nyingine tunapita njia ya mkojo na kamera nyembamba mpaka juu, tunalichoma jiwe kwa leza, hakuna kovu. Watu wakisikia leza wanadhani ndo mwisho wa mambo, kila mtu anataka leza. Jiwe likizidi milimita 20, au lile lililojaza figo nzima lina matawi kama tangawizi, kutoboa mgongo bado ndo kunasafisha vizuri zaidi, na mimi nitakuambia hivyo hata kama ulikuja na lako kichwani.

Sasa kutoboa kwenyewe. Unapigwa nusu kaputi, tunaingiza mpira mwembamba kupitia njia ya mkojo hadi kwenye figo, tunasukuma dawa inayoonekana kwenye eksirei ili vyumba vya figo vijichore kwenye skrini. Wengi tunakulaza kifudifudi. Afu sindano ndefu inaingia mgongoni usawa wa mbavu za mwisho, taratibu, unaangalia skrini huangalii mkono, ukiona mkojo unadondoka kwenye sindano unajua uko ndani. Hapo tunapitisha waya, juu ya waya tunapanua njia mpaka kama milimita 10, siku hizi kuna vifaa vidogo zaidi ya hapo, kamera inaingia na jiwe unaliona hilo hapo, la njano, limekaa. Linavunjwa, vipande vinavutwa kimoja kimoja na koleo ndogo, maji yanapita muda wote, ukizima maji huoni kitu maana damu inatia ukungu.

Ndio, damu. Tobo dogo msije mkadhani operesheni ni ndogo. Figo inapitisha damu nyingi mno, wachache wanaongezewa damu, wachache wanapata maambukizi makali, ndo maana mkojo tunauotesha maabara kabla, tuone kama una vijidudu, na ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda sema mapema, usinisubirishe mpaka mlango wa tiyeta. Mambo yakienda sawa siku mbili tatu uko nyumbani.

Ila kinachoniumiza kichwa kwenu ni stenti. Ni mpira mwembamba una mkunjo juu kwenye figo na mkunjo chini kwenye kibofu, tunauacha ili mkojo upite wakati uvimbe unashuka. Utakojoa kila saa, ukibeba mzigo utaona damu kidogo, kiuno kitavuta ukikojoa, kawaida hiyo. Mara nyingi unatolewa baada ya wiki chache, mingi haifai kuzidi miezi 3. Sasa dereva akishapona anapata safari ya Lubumbashi, akirudi anapata nyingine, simu tukipiga haipatikani, tunakutana naye baada ya miaka, ule mpira umeota mawe juu na chini hautoki, inabidi tuvunje mawe ya kwenye mpira tuliouweka kwa ajili ya mawe! Nimeona figo imekufa hivyohivyo. Mwambie mkeo tarehe, mwambie utingo, andika kwenye kioo cha gari.

Maswali. Nani, kaka wa kofia? Bia inasafisha mawe? Bia inakukojoza, baadaye inakukausha, na inapandisha hiyo asidi ya yuriki niliyowaambia. Maji, unywe mpaka ukojoe lita 2 hadi 2 na nusu kwa siku.

Mzee wangu unasema maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka? Hiyo usimalizie safari. Jiwe limeziba na mkojo wa nyuma yake umeoza, figo inatakiwa ifunguliwe njia siku hiyohiyo, kutoa jiwe kutafuata baadaye. Paki gari hospitali yoyote iliyo karibu, tajiri atapiga simu, acha apige.