Herufi Mbili Chini ya Lebo ya Shampeni

Ndugu zangu watazamaji, habari za huko nyumbani. Leo ninazungumza nanyi kutoka Vertus, kijiji cha wakulima wa zabibu kilichoko kusini ya mji wa Épernay, katika mkoa wa Champagne, kaskazini-mashariki ya Ufaransa. Mistari hii mnayoiona nyuma yangu, inayopanda kilima hadi kwenye msitu, yote ni mizabibu. Wengi wenu hamtumii kilevi, na ninawaheshimu kwa hilo, lakini nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu nimekuja kuwaeleza habari ya mkulima na thamani ya zao lake.

Kwenye harusi zetu MC hafungi shughuli kabla ya kufungua shampeni, na kamati huwa imetenga fedha za chupa hizo mapema. Mara nyingi kinachofunguliwa ni mvinyo wenye povu kutoka mahali pengine kabisa, kwa maana kisheria jina hili ni la mvinyo uliotokana na zabibu za mkoa huu peke yake, ukatengenezwa humu humu kwa taratibu zilizowekwa. Na hata ile iliyo shampeni halisi, wanywaji wengi hulijua jina la kampuni iliyoiuza bila kumjua aliyelima.

Naisogeza chupa hii karibu na kamera. Hapa chini ya lebo, kwa maandishi madogo kabisa, kuna herufi mbili zikifuatiwa na namba. Herufi NM humaanisha kampuni inayonunua zabibu kwa wakulima na kutengeneza shampeni kwa jina lake. Karibu majina yote makubwa mnayoyafahamu yamo humo. Herufi RM, kama hizi, ni za mkulima aliyevuna katika mizabibu yake na kutengeneza mvinyo yeye mwenyewe, na sheria inamruhusu kununua nje sehemu isiyozidi asilimia 5 ya zabibu anazohitaji. CM ni chama cha ushirika. Muwe waangalifu na RC, maana hapo jina la kwenye lebo ni la mkulima, ilhali zabibu alizipeleka kwenye ushirika, na ushirika ndio uliotengeneza mvinyo na kumrudishia chupa. Si udanganyifu, ila ni jambo tofauti, na mnunuzi anastahili kulijua.

Nililiona jambo hili kwa macho ya mtoto wa mkulima. Baba yangu analima zabibu Hombolo, Dodoma, ekari mbili, na kule kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu haisubiri, ikishaiva una siku chache tu, na anayenunua analifahamu hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Nakumbuka msimu mmoja tulikwisha kata matunda na kuyapanga kwenye kreti chini ya mti, tukaahidiwa gari la mnunuzi asubuhi, likaja siku ya tatu jioni, na bei iliyotajwa ilikuwa chini ya nusu ya ile tuliyokubaliana. Baba akauza, kwa sababu hakuwa na pa kuzipeleka. Wenzetu waliokuwa na uwezo wa kukamua na kuuza mchuzi wa zabibu walipata nafuu kidogo, kwa kuwa mchuzi unaweza kuhifadhiwa, tunda haliwezi.

Nilipohamia Reims, mji mkubwa wa mkoa huu, nilidhani wakulima wa huku hawakuwahi kupitia hali kama hiyo. Waliipitia, tena kwa ukali. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ziliwapangia wakulima bei jinsi zilivyotaka, na baadhi yao zilileta zabibu na mvinyo wa bei nafuu kwa treni kutoka sehemu nyingine za Ufaransa na kuuza kama shampeni. Mwaka 1910 mavuno yaliharibika karibu yote. Mwaka uliofuata wakulima waliingia barabarani, wakazuia mizigo, wakamwaga mvinyo, na mwezi Aprili 1911 majengo ya kampuni katika mji wa Aÿ yalichomwa moto hadi serikali ikatuma jeshi. Wakulima wa Aube, upande wa kusini, nao waliandamana kwa sababu walikuwa wameachwa nje ya mpaka wa mkoa wa shampeni. Ilichukua hadi sheria ya mwaka 1927 wao kuingizwa moja kwa moja. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kampuni zikawa hazinunui, na wakulima waliobaki na zabibu mikononi wakaanza kujiunga katika ushirika au kutia mvinyo wao kwenye chupa nyumbani. Sehemu kubwa ya hizi familia zenye herufi RM leo chimbuko lao ni shida hiyo.

Hali ya sasa inashangaza kidogo. Mkoa mzima una hekta zipatazo 34,000 za mizabibu, na karibu asilimia 90 ya mashamba hayo ni mali ya wakulima wanaokaribia 16,000. Hata hivyo, chupa nyingi zinazouzwa duniani ni za kampuni, kwa kuwa wakulima walio wengi bado huuza zabibu zao. Tofauti ni kwamba anayeuza siku hizi ana mkataba, na kilo moja humletea zaidi ya yuro 6.

Mama aliyetukaribisha leo ana hekta tatu. Ameomba nisitaje jina lake wala kumwonyesha usoni, nami nimeheshimu ombi hilo. Mizabibu yake karibu yote ni ya aina ya Chardonnay, na imesimama juu ya udongo mwembamba wenye mwamba wa chaki chini yake, mwamba mweupe na laini unaofanana na chaki mnayoijua ya ubaoni, uliobaki kutoka bahari ya zamani sana. Mwamba huo hunyonya maji ya mvua kama sifongo na kuyatoa polepole wakati wa ukame. Amenionyesha vipande vitano vya shamba lake, na kila kimoja anakivuna, anakikamua na kukiweka kwenye chombo chake pekee, kwa sababu anasema kile cha juu karibu na msitu kina ukali ambao kile cha bondeni hakina. Kampuni kubwa huchanganya mvinyo wa vijiji vingi na miaka mingi ili chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana, na hiyo ni kazi ya ustadi mkubwa, siidharau. Mkulima mdogo hana vijiji vingi vya kuchanganya. Ana kilima chake na mvua ya mwaka huo. Ndiyo maana mvinyo wake hubadilika, na mimi nimeupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Zabibu zote za shampeni lazima zichumwe kwa mkono, kwa kuwa kichala kinatakiwa kifike kwenye mashine ya kukamulia kikiwa kizima. Kipimo cha mkamuo mmoja ni kilo 4,000, na katika hizo sheria inaruhusu kutoa lita 2,550 tu za mchuzi: lita 2,050 za kwanza, ambazo ndizo bora, na 500 za mwisho. Hesabu yake ni chupa 3,400, maana yake kila chupa imekula zaidi kidogo ya kilo moja ya zabibu. Mchuzi huo huchachuka mara ya kwanza kwenye mapipa au matangi, unakuwa mvinyo wa kawaida usio na povu. Wakati wa masika ya huku hutiwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari ipatayo gramu 24 kwa lita, chupa inafungwa kwa kifuniko kama cha soda na kulazwa handakini.

Humo ndimo povu linamozaliwa. Hamira inakula sukari, inatoa gesi, na gesi haina pa kutokea, hivyo inayeyuka ndani ya mvinyo hadi msukumo wake unakuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa tairi la gari. Nimeshuka na mama huyu hadi kwenye handaki lake lililochimbwa ndani ya chaki, ambako joto halibadiliki sana kiangazi wala majira ya baridi. Sheria inataka chupa ikae angalau miezi 15 kabla ya kuuzwa, na miaka mitatu ikiwa imeandikwa mwaka wa mavuno; yeye huziacha zote miaka mitatu au zaidi, zikilalia mashapo ya hamira yanayozipa ladha ya mkate uliookwa. Baadaye huzipanga kwenye mbao zenye matundu, shingo ikielekea chini, na kila siku anazizungusha kidogo kwa mikono miwili, chupa mbili kwa wakati mmoja, mpaka mashapo yote yateremke shingoni. Hapo shingo hugandishwa, kifuniko kinafunguliwa, na kipande cha barafu chenye mashapo kinaruka nje. Mwisho huongezwa sukari kidogo, au isiongezwe kabisa, na kizibo kinafungwa kwa waya.

Anayetajwa na kila mtu hapa mnapozungumzia wakulima wadogo ni Anselme Selosse wa kijiji cha Avize, kilometa chache kaskazini ya hapa. Yeye alirudi kutoka masomoni Burgundy, mkoa mwingine wa mvinyo hapa Ufaransa, akiwa na fikra kwamba shampeni ni mvinyo wa shamba kabla haijawa kitu cha sherehe, akapunguza mavuno, akautunza udongo na kuchachusha mvinyo kwenye mapipa ya mwaloni. Vijana wengi wamemfuata. Hata hivyo, nawaambia kwa dhati kwamba herufi RM peke yake haithibitishi ubora. Nimeonja chupa za wakulima zilizotengenezwa kwa uzembe. Herufi hizo zinakueleza mwenye kazi ni nani. Ubora utautafuta mwenyewe.

Jana usiku nilimpigia baba simu nikamsimulia haya yote. Hakuuliza kuhusu ladha. Aliuliza: "Huyo mama, miaka mitatu chupa zikiwa zimelala, watoto wake walikula nini?" Leo nikampelekea mama swali hilo kama lilivyo, naye akalijibu bila kusita. Alipoanza, aliendelea kuiuzia kampuni zabibu za vipande vinne kwa mkataba, akabakiza kipande kimoja tu cha karibu na msitu, na mwaka wa kwanza alikamua kwa jirani yake kwa sababu hakuwa na mashine. Hadi leo bado anauza karibu nusu ya mavuno. Nimemtumia baba jibu hilo kwa ujumbe wa sauti. Ameniomba nipige picha ya ile mashine ya jirani, nikisimama kando yake ili apate kukadiria ukubwa, na sasa hivi ndiko ninakoelekea.