Baiskeli ya shoki mbili: ichunguze hivi kabla hujatoa pesa

Hamjambo nyote. Niko nje ya karakana yangu hapa Bamburi, baiskeli tatu zimeegemea ukuta. Kila wiki naulizwa: "Fundi, nataka ya mlimani yenye shoki mbele na nyuma, nichukue ipi?" Mimi nakwambia chukua ya mwendo mfupi. Nyuma milimita 100 hadi 120, mbele 120 au 130. Mwendo ni kile kiasi gurudumu linachoweza kupanda likigonga jiwe.

Hii ya kijani ina 160. Nzuri, lakini kwa mtu wa kuteremka majabali. Sisi hapa tuna mchanga, mizizi ya mikorosho na mawe ya matumbawe, na ukitamani mlima unapanda kutoka Kombani hadi Kwale. Ipandishe hii pale uone. Kila ukikanyaga inabonyea, ni kama kutembea juu ya godoro. Hata wa mashindano ya kukata nyika hawabebi shoki ndefu hivyo: baiskeli yao moja, Specialized Epic 8, iliyotoka 2024, ina 120 mbele na nyuma.

Saizi mnaijua. Simama juu yake, bomba lisikuguse pabaya, haya twende.

Sasa kutu. Nyingi zinazonifikia ni mitumba, na ikishakaa hapa pwani mwaka mmoja, chumvi imeanza kula. Chukua hii ya kijivu. Shika kiti, inua baiskeli kidogo kidogo mpaka gurudumu la nyuma likaribie kuachana na ardhi. Sikiliza. Tak. Mmesikia? Mwanangu, sogeza simu karibu. Tena... tak. Hapo kuna beringi imekwisha kwenye maungio ya nyuma. Tazameni boliti hii, pembeni ina unga mweupe, ndiyo alumini inayoliwa. Na hapa maji ya rangi ya chai yametoka kwenye beringi yakakauka. Haiui baiskeli, lakini punguza bei, maana seti nzima ya beringi na kazi ya kuzitoa si mchezo. Moja iliwahi kunishinda siku nzima, nikaishia kuipasha moto na kuitukana.

Pitisha ukucha kwenye mirija inayong'aa ya foki, yaani shoki ya mbele. Ukucha ukikwama, achana nayo.

Haya, sehemu yenyewe. Mbonyeo. Ukikaa tu juu ya baiskeli, shoki ya nyuma, hii inayojazwa hewa, inatakiwa ibonyee kama robo ya mwendo wake. Hapa kwenye shoki pana kipete cheusi cha mpira, unakisukuma mpaka kiguse... hee. Hakipo. Mwanangu, usizime, acha waone! Mitumba ndiyo hiyo. Haidhuru, nina uzi wa kofia, shangazi yangu hushona. Funga hapa, ubane lakini uweze kuteleza. Usukume mpaka uguse sili, huu mpira unaozuia hewa isitoke. Hivyo.

Hakikisha kile kiwashio cha kufunga shoki kimefunguliwa. Vaa viatu vyako, beba na maji yako. Egemea ukuta, kaa taratibu. Miguu kwenye pedali, tulia. Sasa kushuka: USIRUKE. Nasema tena, usiruke. Teremka kama unayemwacha mtoto aliyelala. Ukiruka, shoki inabonyea zaidi, uzi unasukumwa mbali, na kipimo ni uongo.

Najua kwa sababu nilifanya. Yangu ya kwanza nilishuka kwa mbwembwe, nikakuta kipete kimekwenda mbali, nikasema hewa haitoshi. Nikapiga pampu. Nikapima tena, nikaruka tena. Nikapiga tena! Nikaenda nayo Shimba Hills ikiwa ngumu kama kinu, mgongo ukauma siku mbili. Nikaiuza kwa hasara. Aliyeinunua alipunguza hewa tu, na mpaka leo ananipita nayo akipiga kengele.

Basi pima kutoka sili hadi uzi. Kipande hiki cha shoki kinachoingia na kutoka ni milimita 45, robo yake ni 11 hivi. Mimi hapa nina... 12. Safi. Lau ningeruka? Angalieni, naruka makusudi. Ishirini! Shoki ile ile, hewa ile ile.

Subirini, tuktuk ipite. Huyu naye na muziki wake.

Pampu ya tairi haifai hapa, shoki inataka pampu yake ndogo ya presha kubwa. Ninazo, njooni. Ukiiunganisha, bomba lake linanyonya hewa kidogo, kwa hiyo kipimo kikishuka kidogo usiseme shoki inavuja. Na ule mlio wa psss unapoitoa ni hewa ya bomba. Ukipata nafasi, omba baiskeli ilale uipime tena kesho yake. Ukikuta presha imebaki nusu, sili zimekwisha. Muuzaji akikataa isilale, mwulize anaogopa nini.

Kati ya hizi mbili zilizobaki ningechukua hii ya kijivu, 120 nyuma, hata na ile tak yake. Beringi nitabadilisha. Nyeusi fremu yake ni kaboni na ina ufa chini ya rangi, hapa, karibu na pedali, mwaona? Hiyo siuzi, hata ukinililia. Na mwenye ile ya kijani aje aichukue, imeniziba mlango.