Hedi Ngeni Juu ya Bloki ya Zamani

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wanafunzi mliokaa viti vya mbele, karibuni.

Hedi hii mnayoiona mezani, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba vali, ni ya alumini, silinda 4, vali 16. Imekufa. Niliifunga mwenyewe nilipokuwa bado kijana katika kazi hii, juu ya bloki (mwili wa injini wenye silinda) ya injini ya tabo, ile inayosukumiwa hewa kwa feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, bloki ambayo haikuzaliwa nayo. Zilikuwa injini za ukoo mmoja, na hedi hii ilikuwa na milango ya hewa mipana kuliko ile niliyoitoa. Boliti zote 10 ziliingia bila kulazimishwa. Gari likawaka mara ya kwanza tu. Wiki ya pili likaanza kutapika maji kwenye tanki la akiba, na tulipofungua tukakuta gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya hedi na bloki, imeungua kati ya silinda ya 3 na ya 4. Baadaye sogeeni muone: kuna ufa mwembamba kama unywele, umetoka siti ya vali moja ya ekzosi umefika siti ya jirani yake.

Nilikuwa nimetumia gasketi ya bloki. Matundu yake ya maji yalilingana na bloki sawasawa, lakini upande wa nyuma wa hedi, ambako joto hukaa zaidi, yaliziba nusu ya njia. Maji yalizunguka, geji ya joto ilitulia palepale, na huku hedi inaungua. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na ndio nimekuja kuutetea leo: hedi ya injini ya tabo ichaguliwe kwanza kwa jinsi inavyoondoa joto. Habari za hewa zifuate.

Najua wengi wenu mnaanzia upande wa pili. Fundi akipata hedi yenye milango mipana, moyo humdunda. Kwenye injini isiyo na tabo ana haki, kwa sababu hewa huko inaingia kwa kanieneo ya angahewa peke yake, na kila kizuizi mlangoni ni nguvu iliyopotea. Kwenye tabo hewa inasukumwa. Mlango ukiwa mwembamba kidogo, presha ikiongezwa kidogo pengo linazibika. Joto halina njia ya mkato namna hiyo. Kila gramu ya petroli unayoiongeza ndani ya silinda inaongeza moto, na moto huo lazima upite kwenye kuta zilezile za alumini na maji yaleyale. Nami sisemi milango mipana haina faida. Hedi inayopumua vizuri hupata hewa ileile kwa presha ndogo, na hewa ambayo tabo haikuigandamiza sana huingia ikiwa baridi zaidi. Mnaona? Hata faida ya hewa, ukiifuatilia, inaishia kwenye joto.

Kwa hiyo kabla ya kununua hedi, ilaze juu ya meza, weka gasketi juu yake, kisha tazama kila tundu. Halafu weka gasketi hiyohiyo juu ya bloki, utazame tena. Matundu ya maji yako ya aina mbili: mengine yapo ili maji yapite, mengine yapo kwa sababu mchanga wa kalibu ulihitaji pa kutokea hedi ilipokuwa inasubiwa kiwandani. Gasketi ndiyo inayoamua lipi lifunguke na kwa upana gani. Kwenye injini nyingi gasketi hubana matundu ya mbele, karibu na pampu, na kuachia ya nyuma, ili maji yalazimike kusafiri urefu wote wa bloki ndipo yapande kwenye hedi. Ukiona tundu dogo kwenye gasketi juu ya tundu kubwa la bloki, usilichonge. Limewekwa hivyo makusudi.

Sasa chemba ya moto, ambapo nitakaa kidogo.

Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86. Vipimo hivyo si vya kubuni: ndivyo ilivyo SR20DET ya Nissan, ndivyo ilivyo 3S-GTE ya Toyota. Silinda moja inameza 500 cc. Ukitaka uwiano wa mgandamizo wa 8.5 kwa 1, nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa, yaani chemba ya hedi, unene wa gasketi na bakuli la pistoni (shimo lililo juu yake) kwa pamoja, iwe 66.7 cc. Sasa funga hedi nyingine ambayo chemba yake ni ndogo kwa 5 cc tu, sawa na kijiko kimoja cha chai. Nafasi inashuka hadi 61.7. Gawanya 500 kwa 61.7, ongeza 1: umefika 9.1. Hujagusa pistoni hata moja, na injini uliyoifunga si ile uliyoikusudia. Kwa presha ileile ya tabo iliyokuwa salama jana, leo inapiga noki.

Noki kwenye tabo haina huruma. Mchanganyiko uliobaki pembezoni unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, presha inaruka ghafla, na ule utando wa gesi tulivu unaokinga alumini dhidi ya moto unapeperushwa. Kinachofuata ni kingo za pistoni kuliwa, ringi kuvunjika, gasketi kuondoka.

Ndiyo maana napima chemba za hedi kila mara, hata hedi ikitoka kwenye boksi jipya. Funga vali na plagi. Paka grisi ukingo wa chemba, bandika kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, inamisha hedi ili tundu liwe juu, kisha jaza kimiminika kwa bureti mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Soma. Rudia chemba zote. Zikitofautiana kwa zaidi ya 1 cc, mtu aliwahi kuichonga hedi hiyo bila kupima, na wewe unarithi kosa lake.

Wapo watakaoniambia: mwalimu, weka gasketi nene, mambo yaishe. Hesabu inawaunga mkono. Gasketi yenye tundu la milimita 87 ikitoka unene wa milimita 1.2 kwenda 2.0 inarudisha karibu 5 cc, na uwiano unashuka tena hadi 8.5. Mimi nawakatalia. Hedi nyingi zina sehemu bapa kandokando ya chemba, na pistoni ikifika juu inaikaribia sehemu hiyo hadi kiasi cha milimita 1. Hewa iliyobanwa hapo inachirizika kwa nguvu kuelekea katikati, inakoroga mchanganyiko, moto unasambaa haraka, na pembezoni hapabaki kitu cha kulipuka chenyewe. Ongeza unene wa gasketi nawe umeua ule mchirizo. Uwiano umeshuka kwenye karatasi, lakini injini inaweza kunoki kama kwanza. Kama nafasi haitoshi, itafutwe kwenye bakuli la pistoni. Ni gharama zaidi, na ndiyo kazi sahihi.

Kuziba. Moto wa injini ya tabo iliyobebeshwa mzigo unaweza kufikisha presha ya baa 100 ndani ya silinda. Juu ya uso wa kipenyo cha milimita 86, hizo ni karibu tani 6 zinazoisukuma hedi juu, silinda moja, mara maelfu kwa dakika. Na hapohapo alumini inatanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Hedi yenye urefu wa nusu mita ikipanda nyuzi 80, inarefuka karibu nusu milimita kuliko bloki ya chuma iliyo chini yake. Kwa hiyo gasketi haibanwi tu, inasuguliwa pia kila injini ikipata moto na kupoa. Gasketi za tabaka za chuma huvumilia hilo, ila zinadai uso laini sana kwenye hedi na kwenye bloki pia. Uso uliopigwa jiwe kwa mkono hauzifai. Peleka vyote viwili kwenye mashine. Fundi anayeskimu hedi, yaani kuilainisha uso kwa mashine, na kuiacha bloki amefanya nusu ya kazi. Kisha weka rula ya chuma iliyonyooka, pitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) urefu, upana na pembe kwa pembe. Kwa hedi ya alumini mimi sipokei zaidi ya 0.05 ya milimita. Boliti zile zinazokazwa kwa nyuzi za pembe baada ya spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) zimeshavutwa mara moja, usizirudishe. Na usafishe matundu yake kwenye bloki, kwa sababu oili iliyobaki chini ya boliti inaweza kuipasua bloki.

Oili ndiyo inayowaangusha hata mafundi wazuri, maana haionekani siku ya kwanza.

Mfano wa miaka mingi ni RB30 ya Nissan, bloki ya silinda 6 iliyofungwa pia kwenye Holden Commodore VL huko Australia kati ya 1986 na 1988, ikiwa na hedi ya kamshafti moja (mhimili unaofungua vali). Kipenyo cha silinda zake ni milimita 86, sawa na ndugu zake RB25 na RB26, kwa hiyo hedi ya kamshafti mbili ya RB25 inakaa juu yake. Pistoni ya RB30 ina mwendo wa milimita 85, wakati ya RB25 ina 71.7, ndiko lita 3 zinakotoka. Lakini bloki hiyo ni ndefu zaidi kwenda juu, kwa hiyo unahitaji mkanda wa taimingi mrefu na sehemu mpya ya kufungia kikaza mkanda. Halafu hedi za RB25 zinazogeuza muda wa vali zinasubiri oili kupitia njia ambayo bloki ya RB30 haina. Inabidi ivutwe kwa bomba la nje. Na pamoja na kudai oili hiyo, hedi za RB zina sifa ya kupokea oili nyingi kuliko zinavyoweza kuirudisha chini. Ukizungusha injini kwa kasi muda mrefu, oili inajaa juu, karta (bakuli la oili chini ya injini) inakauka, na anayekufa ni bearingi za krankishafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, mbali kabisa na hedi uliyoibadilisha. Ndiyo sababu wajenzi wa injini hizo huweka vizuizi vyenye tundu dogo kwenye njia ya kupandishia oili, na kupanua njia za kuishusha.

Honda wana kisa cha namna hiyo. Hedi ya B16A yenye VTEC, mfumo wa Honda wa kubadilisha mwendo wa vali kwa presha ya oili, hupandishwa juu ya bloki ya B18 isiyo na VTEC. Vipenyo vyote ni milimita 81. Bloki hiyo haina njia ya kulisha VTEC, basi oili huchukuliwa nyuma ya bloki, pale penye swichi ya presha, ikapelekwa kwa bomba hadi kwenye hedi, na njia ya asili ikazibwa. Aliyesahau kuziba ameifungulia oili mlango wa kutokea.

Vali nitazipitia haraka. Presha ya tabo ya baa 1.5 juu ya angahewa inasukuma mgongo wa vali ya hewa yenye kipenyo cha milimita 34 kwa nguvu ya karibu kilo 14, ikitaka kuifungua. Springi za injini isiyo na tabo hazikupangiwa mzigo huo. Vali za ekzosi ziwe za chuma kinachostahimili moto. Zile zenye sodiamu ndani ni nzuri, kwa kuwa sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98 na kubeba joto kutoka kichwani mwa vali hadi kwenye shina. Kamshafti za mashindano za injini isiyo na tabo, zinazoacha vali zote wazi kwa muda mrefu, ziacheni. Presha ya ekzosi kabla haijapita kwenye tabo mara nyingi inazidi presha ya hewa inayoingia, na moshi wa moto utarudi ndani ya silinda. Tumerudi kwenye joto.

Na hedi ikishaskimiwa, au vali zikiwa kubwa kuliko za awali, msiamini macho. Bandikeni udongo wa kuchezea juu ya pistoni, fungeni hedi na gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa, wekeni taimingi, zungusheni krankishafti kwa mkono mizunguko 2 kamili. Mkihisi kitu kinagusa, simameni hapohapo. Fungueni, kateni udongo kwa wembe, pimeni ulipobaki mwembamba. Mimi nataka milimita 2 upande wa vali ya hewa na 2.5 upande wa ekzosi, kwa sababu ya ekzosi inarefuka kwa moto na pistoni huwa inaikimbiza ikipanda.

Udongo upo hapa, wembe upo, na bloki iko kwenye stendi pale nyuma. Hedi nzima, siyo hii iliyopasuka, iko chini ya meza. Naomba wanafunzi wawili wa mstari wa mbele waje: mmoja ashike rula, mwingine fila geji, tuanze na uso wa bloki.