Ukifika Riyadh, Anza na Udongo

Assalaamu alaykum. Naona viti vya nyuma vimejaa na vya mbele viko wazi, basi nimeshajua kuwa wengine mmefuata biriani. Haidhuru. Biriani haijaiva, nami sina haraka.

Nitasema yale yale niliyoyasema mwaka jana: kabla ya maduka, utazameni udongo wa mji huu. Wanaonijua washaanza kuguna. Mtu yuko Riyadh mwaka wa sita. Muulize mji huu una nini, atakutajia duka baada ya duka. Mnara wa Kingdom Centre amepanda, na picha ya kule darajani juu ameshaituma nyumbani mpaka shangazi anaijua. Muulize Masmak. "Ile ngome ya udongo? Huwa naipita na teksi."

Anaipita na teksi!

Mpwa wangu alipokuja, siku ya pili tu nilimshika mkono nikampeleka. Akatazama kuta, akatazama minara minne ya pembeni, akaniambia, "Mjomba, kwani hii si nyumba ya udongo tu? Kwa bibi kule Kipini ziko tele." Nikanyamaza. Nikamsogeza mpaka mlangoni.

Mlango ule ni wa magogo ya mtende, mzito, na katikati una kilango kidogo wanachokiita khokha. Mtu huingia mmoja mmoja, tena kwa kuinama. Mfikirieni aliyekibuni: adui akitaka kuingia, kwanza akuletee shingo yake. Na hapo mlangoni, ndani ya ubao, imo ncha ya mkuki. Ndogo, waweza kuipita usiione. Imo humo tangu alfajiri moja ya Januari 1902.

Abdulaziz, ndiye Ibn Saud aliyekuja kuunda ufalme huu wa Saudia, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kitu, alitoka uhamishoni Kuwait na watu wachache mno. Arobaini kwa wanaohesabu kidogo, sitini na ushei kwa wanaohesabu sana. Usiku wakajibanza katika nyumba ya jirani na ngome. Liwali wa Ibn Rashid, mtawala aliyeushika mji wakati huo, jina lake Ajlan, analala ndani ya ngome. Mkewe yuko nyumba ya nje. Kulipokucha akatoka kwenda kwa mkewe. Wakamtokea! Akageuka mbio, akapenyeza kichwa na mabega kwenye khokha, miguu ikabaki nje. Sasa huku wanamvuta miguu, kule walinzi wanamvuta mikono. Mkuki ukarushwa, ukamkosa, ukanasa mlangoni. Akaponyoka, wakaingia naye, wakamuua. Siku hiyo hiyo mji ukapata mwenyewe mwingine.

Ufalme mzima huu, na visima vyake vyote vya mafuta, ulipitia kwenye tundu ambalo mpwa wangu, kwa tumbo lile, asingepenya. Nilimwambia hivyo. Hakucheka.

Haya, mkuki kila mtu anaupenda. Mimi nawaomba msogelee ukuta. Mtaona vijiti vya majani makavu vimechomoza. Lile ni tofali bichi: udongo, maji na majani makavu, likaanikwa juani, halikuchomwa. Ukuta ni mnene, basi joto la Julai linahangaika mchana kutwa kuupenya, na likifika ndani usiku umeshaingia. Vile vitundu vya pembe tatu kule juu ni vya hewa na mwanga. Dari ni miti ya athl na mitende, na upana wa chumba unafuata urefu wa mti. Watu wa Lamu mnalijua hili hata bila mimi: vyumba vyetu vya mawe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina mwisho wake. Na boriti hizo hizo, za Lamu na Rufiji, ndizo zilizokuwa zikipakiwa majahazini kwenda kuezeka nyumba za pwani ya Ghuba. Halafu mtu ananiambia historia ya huku haimhusu.

Kuna ndugu pale anataka kusema udongo ni umaskini. Kila mwaka yupo. Ndugu yangu, nenda Diriyah, mji mkuu wa kwanza wa Al Saud, hapo jirani na Riyadh, mtaa wa Turaif. Zile zilikuwa ikulu, za udongo, ghorofa juu ya ghorofa. Ibrahim Pasha alikuja na mizinga kutoka Misri, akaubomoa mji mwaka 1818. Magofu yakabaki yamesimama, na mwaka 2010 UNESCO ikayatia katika urithi wa dunia. Wenyeji nao, mafuta yalipoingia, walifanya kama sisi: ukuta wa mji wa Riyadh ukabomolewa, nyumba za udongo zikahamwa, saruji ikaitwa maendeleo. Leo wanalipa fedha nyingi kukanda tofali bichi upya. Kipini bado tuna wazee wanaokandika nyumba kwa sahani ya wali, na sisi tunawaonea haya.

Mvua? Ndiyo, mvua inaula udongo, ndiyo maana unapakwa tena na tena. Na chumvi ya pwani haili saruji?

Sisemi msijenge kwa saruji. Mama akitaka bati, mpelekee bati, usinitaje mimi.

Jina la mji pia nilitaka niliseme. Riyadh ni mabustani, wingi wa rawdha, akina Raudha mko hapa. Msikiti wa Habib Swaleh kule Lamu ni Riyadha, jina moja. Bustani jangwani? Maji, bwana: bonde la Wadi Hanifa na visima. Ndani ya Masmak kwenyewe kimo kisima.

Naona mtu wa jikoni ananipungia mkono. Basi haraka. Makumbusho ya Taifa, yalifunguliwa 1999, kumbi nane, yanataka nusu siku. Kimo kimondo kutoka jangwa la Rub al Khali, zaidi ya tani mbili, na Watanzania msianze, tunajua Kimondo cha Mbozi ni kikubwa zaidi. Kasri la Murabba liko jirani. Hilo la mwakani, tukijaaliwa.

Ijumaa ijayo, baada ya Asri, nitakuwa nje ya Masmak. Shukeni stesheni ya Qasr al-Hukm, treni ya bluu. Atakayekuja na teksi, ashuke.