Kiwanja cha Goba umekikagua, fleti ya Dubai je?

(Mhadhara kwa kikundi cha wawekezaji, Upanga, Dar es Salaam)

Asanteni. Wasifu wangu msinisomee, muda ni mchache na mengi yaliyomo ni ya zamani. Mimi ni mthamini. Nimesoma Chuo cha Ardhi kabla hakijawa chuo kikuu, na tangu hapo nimekula mshahara wa kuwaambia watu bei wasiyotaka kuisikia. Wanaonifahamu humu ndani wanajua nitasema nini. Nitasema tena, kwa sababu mwezi haupiti bila mtu kunipigia simu kuniuliza habari za fleti ambayo ameshailipia. Ameshailipia! Sasa mimi nikupe nini, pole?

Mtu wa Dar akitaka kiwanja Goba, anakwenda Jumamosi kukiona. Anarudi siku ya mvua aone maji yanapita wapi. Anamchokonoa muuza chipsi wa pale kona. Anakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, anamtafuta mjumbe, anaongea na majirani wa mipaka yote, anafanya upekuzi wa hati Ardhi, na baada ya yote hayo bado halali vizuri, anaogopa kuna mke wa pili yuko Tabora atakuja na watoto. Ni sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Mtu huyohuyo, kwa fedha mara kumi ya hizo, anaalikwa hotelini Masaki, anapewa juisi ya embe na sambusa mbili, anaonyeshwa picha za kompyuta za jengo ambalo hata msingi haujachimbwa, na kabla ya adhuhuri arbuni imeshatoka. Nikiuliza, umeangalia nini? "Mama, Dubai siyo Bongo, kule kuna sheria."

Sheria zipo, na namba zake nitawatajia. Ila mimi ninauliza kitu kingine, nacho nimekiuliza hadi nimechosha watu: katika ukumbi ule wa hoteli, ni nani analipwa na wewe? Msichana mwenye tabasamu anakula kamisheni kwa wakala. Wakala anakula kwa mjenzi. Wakili unayepewa "bila malipo" ni wa mjenzi. Mtu wa benki anataka mkopo utoke. Hata mpiga picha ni wao. Mwenye kulipa umo ndani peke yako, na huna mtu. Kiwanjani Goba angalau muuza chipsi hakuwa na kamisheni.

Nina rafiki yangu, simtaji, mfanyabiashara wa Kariakoo. Vitenge, mapazia, mashuka. Dubai anakwenda kufunga mzigo tangu enzi ambazo wengi wenu mlikuwa shule ya msingi. Deira, mtaa wa masoko kule Dubai, yote anaijua: wapi wanapakia kontena kwa bei nzuri, mgahawa gani una chai inayoeleweka. Kwa hiyo alipoletewa fleti ya chumba kimoja, hakuhitaji kuuliza. "Dubai naijua." Anaijua Deira! Fleti ilikuwa nje huko ng'ambo ya barabara kuu, kwenye mchanga, kama mtu anayejua Kariakoo akaambiwa anunue Chalinze kwa sababu zote ni Tanzania. Na alikuwa Deira kila baada ya miezi michache. Teksi ya kwenda kupaona hakuichukua hata mara moja. Msinielewe vibaya basi mkadhani ununuzi wa mbali ni wa yule aliye mbali. Huyu alikuwa yuko palepale na bado alinunua kwa mbali.

Kilichomvuta ni nini? Walimhakikishia kodi. Asilimia 8 kwa mwaka, miaka mitatu, mpangaji awepo asiwepo. Sasa naomba muandike, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Namba nazikata mikia ili tuhesabu vizuri. Fleti aliinunua kwa dirhamu 850,000. Asilimia 8 ni 68,000 kwa mwaka. Fleti za namna ileile, mtaa uleule, zinazouzwa na wenye nazo bila dhamana yoyote, zilikuwa zinakwenda kwa 700,000, na wapangaji wake wanalipa 45,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mjenzi kila mwaka anaongezea pengo la 23,000. Mara tatu ni 69,000. Na rafiki yangu alilipa zaidi ya bei ya soko kiasi gani? 150,000. Dada wa kitenge cha njano ameshacheka, amemaliza hesabu. Walichukua 150,000 zake, wakamrudishia 69,000 kidogokidogo kwa miaka mitatu, na kila akipokea anawashukuru. Alinipeleka hadi chakula cha mchana kusherehekea.

Nilimwambia palepale mezani. Akakasirika. "Mbona wananilipa bila kukosa?" Wanakulipa bila kukosa kwa sababu hela ni yako!

Mwaka wa nne dhamana ikaisha. Mtaa ule funguo za mamia ya fleti zilitolewa kwa pamoja, wenye nyumba wote wanatafuta mpangaji mmojammoja. Akapata wa 45,000. Toa gharama za huduma za jengo, zile za lifti, ulinzi, bwawa la kuogelea ambalo hatakaa aoge: kule zinahesabiwa kwa futi ya mraba, fleti yake ni futi 800, kila futi dirhamu 15, hiyo ni 12,000. Toa wakala wa kupangisha, rangi, kiyoyozi kilichokufa, tuseme 5,000. Inabaki 28,000. Na usisahau siku ya kusajili alilipa ada ya Idara ya Ardhi ya Dubai, asilimia 4 ya bei, 34,000 nyingine. Jumla ameweka 884,000, anavuna 28,000. Asilimia tatu na kitu. Mwaka 2021 serikali yenu hapa ilikuwa inauza hatifungani, yaani unaikopesha serikali, ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95, na riba hiyo haikatwi kodi, na hakuna kiyoyozi.

Najua. Kuna mtu anasema moyoni, "Mama, lakini shilingi." Haya, tuzungumze shilingi, maana hiyo ndiyo hoja pekee ya maana wanayoniletea. Mwaka 2004 dola ilikuwa kama shilingi 1,100. Leo imezidi maradufu. Dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997. Kwa hiyo mtu anayetaka sehemu ya mali yake ikae nje ya shilingi, simbishii, hata mimi ningeweka. Lakini kukimbia shilingi si sababu ya kulipa 850,000 kitu cha 700,000. Umekimbia moto umetumbukia kisimani, na kisima umekinunua mwenyewe. Ukitaka dola, nunua kwa bei ya dola ya watu wa pale.

Na bei ya watu wa pale utaijuaje? Hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu haijafichwa. Idara ya Ardhi ya Dubai inachapisha mauzo yanayosajiliwa. Wana programu ya simu, Dubai REST, unaona mradi umesajiliwa na ujenzi umefika wapi. Umekaa Sinza unaona! Mthamini aliyesajiliwa kule anatoza dirhamu elfu chache. Rafiki yangu angetumia elfu chache akaokoa laki na nusu. Wathamini hatupendwi kwa sababu tunakuja kabla ya furaha.

Sheria sasa. Sheria Na. 8 ya 2007 inasema fedha ya mnunuzi wa jengo ambalo halijaisha inaingia kwenye akaunti maalumu ya mradi huo, na mjenzi anatoa kadiri jengo linavyopanda. Sheria Na. 13 ya 2008 inasema mauzo ya namna hiyo yasipoingizwa kwenye daftari la awali, lile wanaloliita Oqood, ni batili. Sheria nzuri. Zilishakuwepo, na bado ulipokuja msukosuko wa 2008 bei zilianguka kwa nusu hivi, na Novemba 2009 Dubai World, kampuni ya serikali ya kule, ikaomba kusimamisha kulipa madeni yake. Sheria inakulinda na mwizi. Haikulindi na bei. Na hata kwa mwizi, inakulinda ukilipa kwenye akaunti ile yenye jina la mradi. Ukilipa kwenye akaunti ya "ofisi yetu ya Afrika Mashariki", au mbaya zaidi ukampa mtu shilingi hapa Posta yeye atoe dirhamu kule, kwenye sheria hiyo umejitoa mwenyewe. Na siku ukiuza, benki itakuuliza hela ya kununulia ilitoka wapi, utaonyesha nini? Meseji za WhatsApp? Benki Kuu ina kanuni za mtaji unaotoka nchini. Nenda benki kwako, uliza, andikiana nao, kabla hujaahidi tarehe ya malipo kwa mtu yeyote.

Kuna jambo jingine tunalisahau: kule mgeni ni sisi. Hapa kwetu Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa njia maalumu. Tumewaona Wazungu waliojenga Kigamboni kwa jina la mchumba, mapenzi yakaisha, nyumba ikabaki na jina lake. Tumecheka sana. Tulisema, mjini shule. Basi nenda kachunguze nani anakucheka huko unakonunua.

Detroit, Marekani. Hii ni ya vijana, maana inaingia kwenye simu usiku: nyumba nzima kwa bei ya bajaji. Bei ni ya kweli. Kaunti ya Wayne, ambamo mji huo umo, ilikuwa inanadi nyumba zilizochukuliwa kwa kutolipiwa kodi ya majengo, kuanzia dola 500. Kwa nini? Mwaka 1950 mji ule ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.8. Sensa ya 2020 haikufikisha 640,000. Nyumba zimebaki, watu wameondoka, na mabomba ya shaba yameng'olewa kutani. Unanunua, unaanza kudaiwa kodi ya majengo ya kila mwaka na faini za majani marefu. Usipolipa kodi miaka mitatu, kaunti inaichukua, inainadi tena kwa mwingine kama wewe. Nyumba moja inaweza kuuzwa hivyo mpaka paa lianguke. Narudi palepale: ungempata mtu mmoja tu, fundi, mchungaji, mwanafunzi wa Kitanzania, wa kwenda kusimama mbele ya ile nyumba na kupiga picha nyuma yake. Nyuma! Mbele wanakuonyesha wenyewe.

Uingereza nitapita haraka, mwenyekiti ameanza kunitazama. England, asiye mkazi wa Uingereza anayenunua nyumba anaongezewa asilimia 2 ya kodi ya ununuzi tangu Aprili 2021, na kama una nyumba nyingine popote duniani, nyingine 5 tangu Oktoba 2024. Ndiyo, ya Mbezi inahesabika. Kodi ya pango, wakala anakata asilimia 20 anapeleka serikalini usipokuwa na kibali cha kupokea yote. Vile vyumba vya wanafunzi vinavyouzwa kimojakimoja, vyenye dhamana ya kodi: hesabu yake ni ileile ya rafiki yangu, sirudii. Jiulize tu utamuuzia nani baadaye, maana wenyeji hawavinunui na benki nyingi haziwakopeshi.

TRA, Mamlaka ya Mapato. Mkazi wa Tanzania anatozwa kwa kipato chake cha dunia nzima, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Dubai haimtozi mtu binafsi kodi ya mapato, sawa. TRA haijasema nayo haitozi. Ulicholipa nje unaweza kupunguziwa hapa ukiwa na karatasi. Karatasi!

Hati ya kumpa mtu mamlaka akusainie: muhuri wa wakili wa hapa hautoshi, kuna Wizara ya Mambo ya Nje, kuna ubalozi. Na ndani yake andika asaini nini. Usiandike "mambo yangu yote".

Mirathi nilitaka nusu saa, nimepewa dakika mbili. Ukifa na mali Uingereza, wanachukua asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, ingawa kwa mke au mume kuna nafuu. Marekani, mgeni asiye mkazi anasamehewa dola 60,000 tu, kinachozidi kodi inapanda hadi asilimia 40. Dubai, Mwislamu mali yake inagawiwa kwa sharia kwenye mahakama za kule, asiye Mwislamu anaweza kusajili wasia DIFC, kituo cha fedha cha Dubai chenye mahakama zake, tangu 2015. Mke wako anajua hata jina la jengo? Wangapi humu mkeo anajua? Mnacheka. Haya.

La Uturuki naliacha. La kununua kwa kampuni naliacha pia, hilo lina watu wake.

Maswali yatasubiri kidogo. Wenye mikataba ambayo haijasainiwa, msisaini leo, kaeni upande huu, nitaisoma na wakili wetu pale, na hapana, sichukui kamisheni ya mtu. Mliokwisha kulipa njooni kwanza. Toeni simu, mnionyeshe jina la akaunti mliyopelekea fedha, tuanzie hapo.