Epo ya Kahawia ya Sussex, Msiipite Sokoni!

Haya familia, mambo vipi, leo niko Sussex huku kusini mwa Uingereza, nataka muione hii epo, subirini niisogeze kwenye kamera... mnaliona hilo ganda? Kahawia, kavu, ukipitisha kidole linakwaruza kama la kiazi. Watu wanaipita sokoni wakidhani imeharibika, jamani haijaharibika, ndo ilivyo, na kwangu mimi hakuna epo inayoigusa. Inaitwa Egremont Russet, inaaminika ilitokea hukuhuku, kwenye shamba la mabwana wa Petworth, na maandishi ya kwanza kuitaja ni ya 1872.

Ngoja niing'ate. Mmh. Haina maji mengi, nyama yake imekaza, tamu na kwa mbali unasikia karanga. Ukiila na jibini, we acha tu.

Sasa wengi mnaniomba mbegu. Sikieni, mbegu haitawasaidia, kwasababu ua la huu mti kwa kawaida linapata chavua ya epo ya aina nyingine, nyuki ndo wanaileta, kwahiyo ukiotesha mbegu unapata mchanganyiko, sio hii. Huku wanabebesha, kama mnavyobebesha maembe huko. Kijiti kinakatwa wakati wa baridi mti umelala, wanakichonga mshazari, na shina la chini, yani mche mwingine wa epo wenye mizizi yake, nalo mshazari, halafu wanavibana ile kijani ya chini ya ganda igusane pande zote mbili, wanafunga na nailoni. Shina la chini ndo linaamua mti utarefuka kiasi gani. Yani hii niliyoshika imetoka kwenye mti uleule wa zamani, kijiti kwa kijiti, mpaka leo! Mtu mmoja akiacha, mwingine asiposhika, imepotea, na ndo maana nawapenda sana hawa wazee wenye bustani ndogondogo.

Kuvuna ni mwisho wa Septemba hadi Oktoba. Usivute, iinue tu na kiganja uizungushe kidogo, ikiwa tayari inaachia yenyewe. Ukiiweka ndani inanywea, ganda hili linapitisha maji, ila utamu unabaki.

Kwa mlioko Lushoto, Njombe na Limuru, hii inataka baridi kali ya miezi, kwenu itagoma. Tafuteni miche ya epo aina ya Anna iliyobebeshwa, hiyo haidai baridi nyingi, na muweke aina ya pili karibu ili zichavushane.