Ile Shali Ilikuwa ya Mama Mkwe

Hamjambo huko nyumbani? Ni mimi tena. Leo mume wangu amekataa kukaa mbele ya kamera, anasema jambo hili ni langu na mama zangu wawili, yeye hayumo. Yuko hapo jikoni kategesha sikio, msimwamini.

Tangu turudi simu yangu haijapumzika. Shangazi kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika 7, zote za kunisema, kwamba tumefika mpaka nyumbani tukaondoka bila kugusa mlango wake. Rafiki niliyesoma naye kauliza kama siku hizi mimi ni mtu wa kuonekana kwenye simu tu. Na wote wanamalizia palepale: si mngekaa walau mwezi? Basi leo nawapigia hesabu hadharani, halafu mniambie ningekata wapi.

Mimi ni mwalimu, mnajua. Mume wangu anaweza kuomba ruhusa kazini mwezi wowote, mimi siwezi. Shule ikifungwa ndipo mimi nafunguliwa. Na siku hizohizo ndizo kila mwenye mtoto wa shule anataka kusafiri, kwa hiyo ndege zinajaa na tiketi zinapaa. Wiki mbili za likizo ukizihesabu pamoja na Jumamosi na Jumapili zake zinakuwa siku 16. Zinaonekana nyingi, eh? Tuliondoka Jumamosi, tukabadilisha ndege njiani, tukatua Jumapili usiku. Mbili hizo zimekwenda. Kurudi tulipanda ndege Ijumaa, tukafika Jumamosi, na Jumapili ni ya kufua na kupiga pasi maana Jumatatu asubuhi niko darasani. Tatu tena. Zimebaki 11.

Sasa chukua 11 ugawe kwa nyumba mbili, kwetu na ukweni. Haigawanyiki! Tuligombania hiyo siku moja kuanzia siku tuliyokata tiketi, mimi nikidai mama yangu anaumwa magoti, yeye akidai mama yake ndiye mkubwa kwa umri. Mwisho barabara ndiyo iliyoila, kwa sababu kutoka kwetu hadi kwao ni safari ya kutwa nzima. Tano kwetu, tano kwao. Shangazi, unaiona siku yako iko wapi?

Na hizo tano za kwanza usizihesabu kwamba nilikuwepo mzima. Tofauti ya saa kati ya huku na huko ni 8, na tulikuwa tunaelekea mashariki, upande ambao mwili unasumbuka zaidi kuuzoea. Kwa kawaida mwili unajirekebisha kama saa moja kwa siku. Maana yake nilikuwa nasinzia mchana mbele za wageni, halafu saa tisa za usiku niko macho, nahesabu mbao za dari.

Tuje kwenye sanduku.

Tulikuwa na masanduku manne, kila moja kilo 23. Tuliyapima kwa kupanda mizani nayo mikononi kisha kutoa uzito wetu, na hapo kila mmoja aliujua wa mwenzake, mambo ambayo tungeweza kuishi bila kuyajua. Yakafika matatu. La nne, lenye zawadi, halikuonekana. Niwape la kuwasaidia: likiwatokea, msitoke uwanjani kabla ya kuandikisha taarifa kwenye dawati la mizigo. Na kile kijikaratasi wanachokupa ukikabidhi mzigo, chenye namba ya tarakimu 10, usikitupe, ndicho kinachofuatilia sanduku lako. Kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 ambao nchi nyingi zimeuridhia. Mzigo ulioharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Na zikipita siku 21 tangu siku uliyotakiwa kufika wenyewe haujaonekana, unaweza kuwadai kama mzigo uliopotea.

Langu halikupotea. Afadhali lingepotea! Kwenye fomu ya uwanjani nilijaza anwani ya kwetu, kwa kuwa ndiko tulikokuwa tunaanzia. Sanduku likaletwa Jumamosi, sisi tukiwa barabarani kuelekea ukweni. Jioni mama akapiga simu ana furaha huyo: "Mwanangu, mzigo umefika, nimeshagawa."

"Umegawa?"

"Kwani si zawadi? Kila mtu amepata. Hii shali nimebaki nayo mimi."

Jamani. Ile shali ya zambarau. Mama mkwe aliwahi kuniona nimeivaa tukiongea kwa video, akasema rangi hiyo angeipenda. Nilitafuta ya kufanana nayo miezi mitatu. Na mama yangu, Mungu ampe maisha marefu, akaivaa siku ileile, akapigwa picha, picha ikaingia kwenye kundi la familia ambamo wakwe zangu wote wamo.

Mama mkwe aliitazama picha ile tukiwa tumekaa naye. Akasema, "Mama yako amependeza." Akaiweka simu mezani, akauliza habari za safari. Mume wangu akawa ghafla ana kazi ya kufanya nje.

Siku tano nilikaa pale mikono mitupu. Hakuna aliyenidai kitu, nisiwasingizie. Usiku wa pili usingizi ukanikimbia kama kawaida, nikaenda sebuleni nikamkuta mama mkwe naye yuko macho, kakaa gizani. Kumbe yeye kila usiku huwa hivyo, tangu baba mkwe alipofariki. Tuliongea mpaka kukapambazuka. Akanisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa akijificha darini ili asiende shule, na leo kaoa mwalimu. Tulicheka tukizibana midomo. Mara tatu nilifungua kinywa nimwambie habari ya shali, mara tatu nikameza. Alinishika mkono akauliza, "Na baridi ya huko, mnaiwezaje?" Nikajibu tunavaa nguo nzito. Nguo nzito! Mimi!

Kwa hiyo mama, najua video hizi unazitazama, shemeji huwa anakufungulia. Ile shali ilikuwa yako. Nyingine nimeshaipata, rangi ileile, na sanduku halitaigusa, nitakuja nayo mabegani. Likizo ijayo tunaanzia kwako, na mwanao jikoni hapo anatikisa kichwa kukubali.

Na wewe mama yangu mzazi, nakujua, sasa hivi unaikunja uirudishe. Hapana. Vaa tu.